Rubens, Mnakili wa Titian

Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo walichukua pembe za ndovu, na pembe haiogopi mvua. Mzigo waliorudi nao ndio uliotaka kulindwa sana, maana ulikuwa nguo, na nguo ikilowa huota kuvu. Zamani zaidi, mwaka 1603, kijana mmoja wa Ulaya alisafiri na mzigo wa namna hiyo: vitambaa vya kitani vilivyochorwa picha kwa rangi za mafuta. Jina lake Peter Paul Rubens.

Rubens alizaliwa Siegen, Ujerumani, mwaka 1577. Baba yake alipofariki, mama akarudi na watoto kwao Antwerp. Huko alifundishwa na wachoraji watatu, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1598 akahesabiwa fundi kamili. Miaka miwili baadaye akaenda Italia, akaajiriwa na mtawala wa Mantua, ambaye jumba lake lilijaa picha za mafundi wa kale. Aliyempendeza mno ni Titian wa Venice. Lakini Titian alikuwa amefariki mwaka 1576, hata Rubens hajazaliwa. Basi hakuwa na njia ya kufundishwa naye ila kwa kunakili kazi zake.

Kunakili huko si kufuata mistari tu. Fundi hupaka rangi nyembamba, huingoja ikauke, kisha hupaka nyingine juu yake, hata nyekundu ya chini ionekane kama damu chini ya ngozi. Mwenye kutazama tu hazitambui tabaka hizo. Mwenye kuzifanya upya hana budi kujiuliza ipi ilitangulia.

Mtawala wa Mantua akamtuma Hispania na zawadi: gari na farasi kwa mfalme, na picha kwa waziri wake mkuu. Nyingi zilikuwa nakala za kazi za kale, zilizofanywa Roma na mchoraji mwingine. Toka pwani hata Valladolid mvua ilinyesha kwa muda wa siku nyingi. Masanduku yalipofunguliwa, vitambaa vilikuwa vimeoza na rangi zabambuka. Mbili hazikuponyeka. Mjumbe wa Mantua aliyekaa huko akataka waitwe wachoraji wa Hispania wasaidie. Rubens, naye ana miaka 25 tu, akakataa. Akazitengeneza mwenyewe, na badala ya zile mbili akachora mpya. Waziri alipoziona, nyingi alizidhani kuwa kazi za mafundi wa kale wenyewe.

Mwaka 1628 alirudi Hispania kwa shauri la amani baina ya nchi hiyo na Uingereza. Sasa alikuwa na miaka 51, tajiri, mwenye wanafunzi wengi. Walakini akasimama tena mbele ya picha za Titian katika jumba la mfalme, akazinakili kama mwanafunzi. Si kwamba alifuata kila kitu: katika picha ya Adamu na Hawa aliubadili mkao wa Adamu, akatia na kasuku mwekundu mtini.

Nakala nyingi hakuziuza; zilikutwa nyumbani kwake Antwerp alipofariki tarehe 30 Mei 1640. Miongoni mwa alizozifanya Madrid imo picha ya Kaisari Karoli wa Tano na mkewe Isabella, wameketi mezani, na saa katikati yao. Ile ya Titian imepotea. Ya Rubens ingaliko.