Frederick Selous, Mwindaji wa Gobore

Kila mwanafunzi wa shule hii aliyepata kusafiri kwenda Namanga ameuona mlima wa Longido. Mwezi wa Machi, mwaka wa 1916, jeshi la Waingereza liliondoka hapo, likapita nyanda zilizo katikati ya Meru na Kilimanjaro ili kuwafukuza Wajerumani. Kikosi kimoja katika jeshi hilo kilikuwa Royal Fusiliers cha 25, na miongoni mwa maofisa wake alikuwamo mzee wa miaka 64 mwenye ndevu nyeupe, aliyetembea kwa miguu kama vijana. Huyo ndiye Frederick Courteney Selous. Jina lake tunalijua kwa sababu ya pori kubwa la wanyama la kusini, lakini mtu mwenyewe wengi wetu hatumjui.

Alizaliwa London tarehe 31 Desemba, 1851, katika nyumba ya watu wenye mali. Alipokuwa na miaka 15 alikuwa akicheza juu ya barafu ya ziwa la Regent's Park, barafu ikavunjika, wakafa watu 40. Yeye aliokoka. Alisoma shule ya Rugby, na tangu utotoni hakutaka kazi nyingine ila kuja Afrika kuwinda. Basi mwezi wa Septemba 1871, akiwa hajatimiza miaka 20, alishuka pwani ya Afrika ya Kusini na pauni 400 mfukoni.

Hapo yakampata mambo ambayo, kwa mwalimu wa sayansi, ni somo zima. Bunduki nzuri aliyotoka nayo kwao iliibiwa njiani. Kwa kukosa nyingine alinunua magobore mawili ya bei rahisi, yaliyotengenezwa kwa kupigia bata, pauni 6 kila moja. Hayo yalishindiliwa kwa mdomoni: unachota baruti nyeusi kwa kiganja kutoka mfuko wa ngozi, unamimina, unatia risasi ya mviringo yenye uzito wa aunsi 4, yaani kama gramu 113, na fataki juu ya chuchu yake. Mwaka wa 1872 alikwenda kwa Lobengula, mfalme wa Wamatabele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimwona mtoto, akacheka, akampa ruhusa. Kwa miaka mitatu Selous aliua tembo 78 kwa magobore hayo, na mara nyingi akiwa kwa miguu.

Lakini gobore lilimwadhibu pia. Siku moja lilikataa kulia, na mchukuzi wake, asipojua, akashindilia mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Selous alipofyatua, alirushwa juu, akageuzwa, akaanguka kifudifudi, shavu likitoka damu na mkono ukiwa umekufa ganzi. Baadaye maishani aliyalaani magobore yale kwa kumharibu mishipa na kumfanya atetemeke kila alipolenga.

Sasa tuulize: risasi kubwa namna ile, mbona haikufika mbali? Tembo alipaswa kusogelewa mpaka hatua chache. Watu wengi hufikiri kitu kizito hushinda hewa. Tufanye hesabu. Uwezo wa risasi kupenya hewa wataalamu huuita koefisienti ya balistiki. Hupatikana hivi: chukua uzito wa risasi, ugawanye kwa upana wake mara upana wake, kisha ugawanye tena kwa namba ya umbo, ambayo ni ndogo kwa risasi iliyochongoka na kubwa kwa ile butu.

Risasi ya gobore la Selous ilikuwa na gramu 113 na upana wa sentimita 2.67. Ukigawanya unapata karibu 16. Risasi ya Waingereza ya mwaka 1910, ile ya bunduki ya .303, ilikuwa na gramu 11.3 tu, na upana wa sentimita 0.79. Gawanya, unapata 18. Tazama ajabu hii! Moja ni nzito mara kumi kuliko nyenzake, na bado kwa hesabu ya kwanza zinakaribiana kabisa. Uzito wote ule umeliwa na upana. Tofauti iko katika umbo: tufe husukuma hewa mbele yake kama ngoma inayoviringishwa, na risasi ndefu iliyochongoka huipasua kama mtumbwi upasuavyo maji. Kwa hiyo tufe huanza kupoteza mwendo mara tu litokapo mdomoni.

Selous mwenyewe aliyaona mabadiliko hayo yote katika maisha yake. Alipopata fedha aliyaacha magobore, akanunua bunduki za kushindiliwa nyuma zenye mifuo ndani ya kasiba inayoizungusha risasi isipinduke. Baadaye ikaja baruti isiyo na moshi, ambayo Wafaransa waliivumbua mwaka wa 1884, na risasi zikawa nyembamba na za kasi.

Mengine ya maisha yake nayapitia upesi. Mwaka 1890 aliuongoza msafara wa Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, akapigana na Wamatabele mwaka 1893 na 1896, watu wa mfalme yule yule aliyemfungulia mlango. Mimi sioni namna ya kulisifu jambo hilo, hata kama waandishi wa kwao walilisifu. Alioa mwaka 1894, akakaa Surrey, akapeleka wanyama na ndege wengi katika jumba la makumbusho la London. Mwaka 1909 alikuja Mombasa katika meli moja na Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani.

Vita vilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wa Wajerumani hapa nchini yalikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye baruti ya moshi. Risasi yake ilikuwa na gramu 25 na mwendo wa mita 430 hivi kwa sekunde. Bunduki mpya ya Mauser ya 1898 ilitupa risasi ya gramu 10 kwa mita 880 hivi. Hata tukisahau hewa, kwa umbali wa mita 500 ile ya zamani huanguka mita 6.6, na mpya mita 1.6 tu. Mwenye Mauser ya zamani akikosea kukadiria umbali kidogo, amekosa mtu; tena wingu la moshi limeonyesha alipo. Ndiyo maana bunduki mpya zilizotekwa Tanga mwezi wa Novemba 1914, na 1,800 zilizoletwa na meli ya Rubens mwaka 1915, zilikuwa kama dhahabu kwa von Lettow-Vorbeck. (Wanafunzi wa hesabu wakumbuke kwamba hewa ya Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Rufiji kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, risasi ile ile hapa hufika na kasi zaidi.)

Selous alipigana Bukoba mwaka 1915, akawa kapteni. Mwaka 1916 aliugua, akarudi Uingereza kupasuliwa, naye angeweza kubaki huko kwa heshima zote. Hakubaki. Mwezi wa Desemba alikuwa amerudi, na tarehe 4 Januari, 1917, pale Beho Beho, karibu na Rufiji, alipoinuka kutazama adui walipo, mlengaji wa upande wa Wajerumani alimpiga risasi ya kichwa. Alikuwa na miaka 65 na siku nne.

Mwaka mmodi kamili baadaye, tarehe 4 Januari, 1918, mwanawe Freddie, mwendesha ndege wa vita, aliuawa Ulaya.

Pori lilipewa jina la Selous mwaka 1922. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi la mzee yule, lenye bamba la jiwe, liko humo.