Bibi Salme: Binti wa Sultani aliyetoka Unguja na kuanza maisha upya kwenye baridi ya Hamburg

Wengi wanamjua kwa kisa kimoja tu: binti wa Sultani wa Zanzibar aliyempenda Mjerumani na kutoroka naye. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi. Kinachosimuliwa kidogo ni kilichofuata baada ya hapo. Aliishije huko ugenini? Alikula nini, alizungumza na nani, na baridi ile aliizoea vipi?

Jina lake ni Sayyida Salme, Wazungu wakamjua kama Emily Ruete. Aliishi miaka 79, na zaidi ya 50 kati ya hiyo aliimaliza mbali na kisiwa alichozaliwa.

Mtoto wa Mtoni

Salme alizaliwa 30 Agosti 1844 kwenye jumba la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini kidogo ya Mji Mkongwe. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Circassia.

Mtoni palikuwa kama mji mdogo. Uani walizunguka swala, tausi, mbuni na mabata. Palikuwa na mabafu makubwa, na roshani ya mviringo iliyotazama bahari, ambako Sayyid Said alipenda kukaa na kunywa kahawa na watu wake. Watoto walifundishwa kupanda farasi na punda. Nguo za wanawake zilifukizwa, na maua ya asumini yalitandazwa kitandani.

Raha hizo zote zilisimama juu ya migongo ya watumwa. Hilo litarudi mbele.

Binti huyu hakuwa mtu wa kutulia. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kaka yake Majid naye alimfundisha kulenga shabaha na kucheza na upanga.

Mwaka 1856 baba akafariki baharini akirudi kutoka Oman. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kikamchukua mama. Mwaka huohuo wa 1859 kaka yake mwingine, Barghash, alijaribu kumpindua Majid, na kule kujua kuandika kukamtia Salme matatani: yeye ndiye aliyeandika barua za waasi. Jaribio likashindwa. Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akaenda kukaa mashambani, Kisimbani na baadaye Bububu.

Jirani wa nyumba ya pili

Aliporudi mjini, nyumba yake ilipakana na ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, na juu ya mapaa majirani huonana vizuri tu.

Salme alikuwa akitazama kutoka juu karamu ambazo Mjerumani huyo aliwaandalia wenzake. Ruete mwenyewe alipenda aone jinsi Wazungu wanavyokaa mezani na kula. Hayo yakawa mafunzo yake ya kwanza ya Ulaya, na hakuwa amevuka hata kizingiti cha mlango wake.

Mapenzi yakaanza, kisha ikaja mimba. Kwa binti wa Sultani, tena ambaye hajaolewa, hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Agosti 1866, usiku wa sherehe za Siku ya Mwaka, wakati wanawake wanateremka pwani kwenda kuoga baharini, Salme akapanda meli ya kivita ya Waingereza, Highflyer. Alikuwa anakaribia miaka 22.

Akashuka Aden. Desemba mwaka huo akajifungua mtoto wa kiume. Ruete alimfuata baadaye, na 30 Mei 1867 Salme akabatizwa, akapewa jina la Emily na kufunga ndoa, yote kwa siku moja. Safari ya kwenda Ujerumani ikaanza, lakini mtoto wao hakufika. Alifariki njiani, Ufaransa.

Hivyo ndivyo alivyoingia nchi mpya: ndoa mpya, jina jipya, dini mpya na msiba mbichi.

Nyumba yenye milango iliyofungwa

Walikaa Uhlenhorst, kando ya Alster, maji mapana yaliyo katikati ya Hamburg. Mahali pazuri. Ila uzuri wa mahali haufundishi mtu lugha.

Emily hakujua Kijerumani. Aliyeweza kuongea naye kwa raha alikuwa mume wake tu, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Asubuhi Ruete alipokwenda kazini, Kiswahili chote kilitoka naye mlangoni. Bibie akabaki na watumishi wasioelewana, akisubiri jioni.

Unguja alizoea watu kuingia na kutoka kutwa nzima. Hamburg kila mtu na mlango wake, na mlango umefungwa. Unguja alifunika uso mbele ya wanaume wa kando. Huku alitakiwa kukaa nao meza moja, uso wazi, huku wageni wakimkodolea macho kuona binti wa Sultani anafananaje.

Kisha ikaja baridi. Desemba ya Hamburg jua huzama saa kumi alasiri. Kwa mtu aliyekulia kwenye upepo wa kusi na kaskazi, si mchezo.

Baridi hiyo ilimfundisha jambo ambalo baadaye aliliandika kwenye kitabu chake. Wazungu wengi waliwaita watu wa nchi za joto wavivu. Yeye akajibu kwa hesabu ya nyumbani. Mwanamke wa Ulaya ana soksi za kufuma na kutia viraka, makoti mazito, matandiko, mapazia, na majiko ya kupasha joto vyumba. Mwanamke wa Unguja hana hata soksi moja ya kushona. Kwa hiyo asiyekuwa na mzigo huo msimwite mvivu, maana mzigo wenyewe umeletwa na hali ya hewa.

Mambo ya namna hiyo huyajui kwa kusoma. Unayajua ukishaishi na soksi zenyewe.

Furaha ndogo ndogo

Pamoja na hayo, nyumba ikaanza kujaa. Mwaka 1868 akazaliwa Antonie, 1869 Rudolph, na Aprili 1870 Rosalie. Kila mmoja akapewa na jina la pili la nyumbani: Thawka, Said na Ghuza. Ukimwita Rudolph Said, tayari umemtaja babu yake. Katika nyumba ya Hamburg, majina hayo yalikuwa kipande cha Mtoni.

Kijerumani nacho kikaja polepole. Akajua kuendesha nyumba ya Kijerumani, akajua kupokea wageni na kutembelea watu. Alikuwa ameanza kuwa mwenyeji.

Agosti 1870 kila kitu kikaanguka. Ruete aliangukia chini ya tramu ya kukokotwa na farasi, akafariki. Rosalie alikuwa hajatimiza miezi minne.

Mjane, watoto watatu, pesa hakuna

Sheria ya Hamburg ya wakati ule haikumwachia mjane mali ya mumewe aiendeshe mwenyewe. Aliwekewa wasimamizi. Mwanamke aliyekuwa na mashamba yake Unguja sasa aliomba ruhusa kwa wanaume wengine juu ya pesa za nyumba yake.

Maisha yakabana. Akahama mji baada ya mji kutafuta unafuu: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Na hapo ujuzi ule wa siri, wa kwenye mfupa wa ngamia, ukamlipa. Berlin alifundisha Kiarabu ili mkono uende kinywani.

Angeweza kurudi? Alitaka sana. Barghash, yule kaka aliyemwandikia barua za uasi, akawa Sultani miezi michache tu baada ya Ruete kufariki. Lakini Barghash hakumsamehe. Mwaka 1875 alipozuru London, Salme alikwenda huko kumtafuta. Waingereza wakamzuia wasionane.

Mwaka 1885 Wajerumani wenyewe walimpeleka Zanzibar kwa meli, pamoja na watoto wake. Huruma haikuwa na nafasi kubwa katika safari hiyo. Walitaka kumtumia kumbana Barghash, wakati ule wanagombania ardhi ya Afrika Mashariki. Watu wa mjini walimzunguka kwa furaha, wakamsalimu kwa Kiarabu na Kiswahili. Mlango wa kaka yake ukabaki umefungwa. Mtoni alipokwenda kupaona, palikuwa magofu.

Kitabu cha watoto

Mwaka uliofuata, 1886, kitabu chake cha kumbukumbu kikatoka Berlin. Alikuwa ameanza kukiandika kwa ajili ya watoto wake, wajue mama yao alitoka wapi. Hadi leo kinatajwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mwanamke wa Kiarabu kusimulia maisha yake mwenyewe.

Humo ndani utakuta asumini, karamu za sikukuu, swala wa uani, kahawa ya baba. Utakuta pia akitetea utumwa. Ndiyo maana Hamburg, iliyouita uwanja mmoja wa Uhlenhorst kwa jina lake mwaka 2019, baadaye ililiondoa. Aliona vizuri dhuluma ya mjane wa Hamburg. Ya waliomtumikia Mtoni hakuiona hivyo.

Kuna maandishi mengine aliyoyaacha bila kuyachapisha: barua ndefu kwa rafiki wa nyumbani asiyetajwa jina, zinazoeleza miaka yake ya Ujerumani. Zilikuja kutoka kama kitabu miaka mingi baada ya kifo chake. Humo anakiri kwamba ubatizo wa siku moja haukuubadilisha moyo kwa siku moja.

Jua tena

Mwaka 1888 alijaribu Zanzibar mara ya mwisho, akashindwa tena. Safari hii hakurudi kwenye baridi. Alikaa Jaffa, kisha Beirut kuanzia 1892. Huko palikuwa na bahari, jua, na Kiarabu mtaani. Hapakuwa Unguja, lakini palifanana nako zaidi kuliko Hamburg. Alikaa hadi 1914, ndipo akarudi Ujerumani kuwa karibu na wanawe.

Alifariki Jena, 29 Februari 1924, kwa homa ya mapafu. Inasimuliwa kwamba kwenye vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar. Amezikwa makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na mume wake.

Watoto nao walibeba urithi huo. Rudolph Said aliandika kitabu juu ya babu yake Sayyid Said, kikatoka 1929. Antonie aliolewa na ofisa wa kikoloni, akaishi Visiwa vya Marshall, na mwaka 1907 akachapisha kitabu cha mapishi kwa ajili ya Wajerumani wanaohamia nchi za joto.

Mama alihangaika kujifunza jiko la nchi ya baridi. Binti yake akaja kuwafundisha watu wa baridi namna ya kupika kwenye joto.