Hieronymus na Vita vya Mawazo

Hieronymus, aliyefasiri Agano la Kale kwa Kilatini, twamkumbuka kwa vitabu vyake. Vita vyake vya moyoni havijulikani sana.

Ujanani alisoma Roma, akapenda mno maandiko ya wapagani, hasa ya Cicero. Alipoacha nyumba na jamaa zake kwa ajili ya Kristo, vitabu hivyo hakuviacha. Alifunga, kisha akamsoma Cicero. Akiwafungua manabii, usemi wao ulimchukiza. Yapata mwaka 375, katika Kwaresima, homa ikamshika, akaota amesimamishwa mbele ya Hakimu. Akasema yeye ni Mkristo. Akaambiwa ni mtu wa Cicero. Akapigwa, akaapa kutovisoma tena.

Akaenda nyika ya Chalcis, upande wa Shamu. Huko wenzake walikuwa nge na wanyama wa mwitu, lakini mawazo yake yalicheza ngoma pamoja na wasichana wa Roma. Saumu haikuyatuliza. Basi akamwendea Myahudi aliyeamini, akajifunza Kiebrania herufi moja moja kama mtoto, yeye bingwa wa Kilatini! Mara nyingi alikata tamaa akaacha, kisha akarudi.

Jambo hili latupendeza kuliko ile ndoto. Kile kiapo, Rufinus, rafiki aliyegeuka adui, alimshutumu kwamba amekivunja, wala hakuwa na jawabu zuri. Bali Kiebrania kilikaa. Mwaka 386 akahamia Bethlehemu, na huko akawafasiri kutoka lugha yao wenyewe wale manabii aliowadharau, kazi ya miaka yapata 15.