James Legge, Mchungaji Aliyewafasiri Wenye Hekima wa Uchina

Mtu akiingia katika maktaba kubwa ya Ulaya au Marekani na kuulizia vitabu vya kale vya Wachina kwa lugha ya Kiingereza, mara nyingi ataonyeshwa kazi ya James Legge. Alikufa mwaka 1897, na baada yake wamekuja wafasiri wengine wengi, lakini vitabu vyake vingali vikipigwa chapa na kusomwa. Mtu huyu hakuwa balozi wala mfanya biashara. Alikuwa mchungaji. Alikwenda mashariki ili awapelekee Wachina Habari Njema, naye aliihubiri kwa uaminifu miaka mingi. Lakini jambo lililolifanya jina lake lijulikane ni kwamba aliwaletea watu wa magharibi hekima ya Wachina.

James Legge alizaliwa tarehe 20 Desemba 1815 katika mji mdogo wa Huntly, huko Uskochi. Baba yake alikuwa mfanya biashara, na jamaa yote ilikuwa ya Kanisa la Congregational. Kutoka katika sehemu zile zile alikuwa ametoka William Milne, mmoja wa wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kwa Wachina, kwa hiyo habari za Uchina hazikuwa ngeni nyumbani kwao. James alikuwa kijana hodari sana wa masomo, hasa ya Kilatini. Alisoma Chuo cha King's, Aberdeen, akamaliza mwaka 1835 akiwa miongoni mwa waliotangulia. Akafundisha hesabu kwa muda, kisha akaingia chuo cha theolojia London, akajitoa kwa Shirika la Misioni la London. Mwaka 1839 alimwoa Mary Isabella Morison, na mwaka huo huo wakapanda meli kwenda mashariki.

Mapema mwaka 1840 walifika Malacca, katika nchi ambayo siku hizi ni Malaysia. Huko Robert Morrison alikuwa ameanzisha chuo mwaka 1818, ili vijana wa Kichina wajifunze elimu ya Ulaya, na watu wa Ulaya wajifunze elimu ya Wachina. Baada ya muda mfupi Legge akawa mkuu wa chuo hicho. Uchina wenyewe ulikuwa bado umefungwa kwa wageni, na wakati ule vita vilikuwa vikiendelea kati ya Uingereza na Uchina kwa sababu ya afyuni. Wafanya biashara wa Kiingereza walikuwa wakiiingiza afyuni kwa wingi kutoka Bara Hindi, na serikali ya Uchina ilipojaribu kuizuia, Uingereza ilileta manowari. Vita vilipokwisha mwaka 1842 Uingereza ilijitwalia kisiwa cha Hong Kong. Mwaka 1843 Legge akahamia huko pamoja na chuo chake.

Inafaa tuliseme jambo hili wazi. Mlango ambao wamisionari walipitia ulikuwa umevunjwa kwa mizinga, na Wachina hawakulisahau. Legge mwenyewe aliichukia biashara ya afyuni, akaipinga mbele ya watu maisha yake yote. Aliona kwamba mtu anayekuja nyuma ya mizinga ana kazi kubwa ya kuonyesha kwamba yeye hakuja kuteka.

Tangu siku za Malacca Legge alikuwa na neno moja moyoni. Aliwaona Wachina waliosoma wakiongozwa na vitabu vyao vya kale, vile vinavyoitwa Vitabu Vinne na Vitabu Vitano. Humo mna mafundisho ya Confucius, aliyeishi tangu mwaka 551 hadi 479 kabla ya Kristo, na ya Mencius aliyemfuata. Mna pia nyimbo za kale, habari za wafalme, na taratibu za ibada na za heshima kwa wazazi. Mtu aliyetaka kazi ya serikali ilimpasa kuvijua kwa moyo na kuvifanyia mtihani. Legge akasadiki kwamba mhubiri asiyevijua vitabu hivyo hawezi kuyajua mawazo ya watu anaowahubiria. Akaazimu kuvifasiri vyote kwa Kiingereza.

Kazi hiyo haikumwondolea kazi nyingine. Alikuwa mchungaji wa kanisa la Wachina na wa kanisa la Waingereza pale Hong Kong. Alifundisha vijana, akazika wafu, akatembelea wafungwa gerezani. Kwa sababu hiyo alizoea kuamka saa tisa za usiku na kukaa mezani na vitabu vyake mpaka kuche, ndipo kazi za mchana zianze. Haba na haba hujaza kibaba. Aliishika desturi hiyo mpaka uzeeni.

Wala hakuwa peke yake. Ho Fuk-tong, mwanafunzi wake wa Malacca, aliwekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1846, nao wakafanya kazi pamoja miaka mingi. Huang Sheng alisimamia upigaji chapa. Mwaka 1862 akaja Wang Tao, mwanachuoni aliyekimbia Shanghai kwa sababu serikali ilimshuku kuwa amewasaidia waasi. Wang Tao alikusanya maelezo ya wanavyuoni wa Kichina wa zamani, akamwandalia Legge, wakayapima pamoja. Legge alipokwenda kukaa kwao Uskochi mwaka 1867, Wang Tao alimfuata, akakaa huko mpaka mwaka 1870. Baadaye Wang Tao akawa mwandishi mashuhuri, na mwaka 1874 akaanzisha gazeti la Kichina Hong Kong.

Fedha za kupiga chapa zilikuwa tatizo kubwa, maana shirika halikuwa na uwezo. Joseph Jardine, mfanya biashara tajiri wa Hong Kong, akajitolea kulipa. Jamaa ya Jardine walikuwa wametajirika kwa biashara ya afyuni, ile ile aliyoipinga Legge. Hata hivyo aliupokea msaada huo, na kwa njia hiyo wamisionari waliweza kuuziwa vitabu kwa bei ndogo. Msomaji anaweza kujiuliza kama yeye angalipokea.

Vitabu vya kwanza viwili vilitoka mwaka 1861. Juu ya ukurasa yako maneno ya Kichina, chini yake tafsiri ya Kiingereza, na chini kabisa maelezo yaliyotolewa kwa wanavyuoni wa Kichina wenyewe. Hivyo msomaji hakulazimika kumwamini Legge tu. Aliyejua Kichina aliweza kumpima neno kwa neno. Vitabu vingine vilifuata, na cha mwisho katika mfululizo huo kilitoka mwaka 1872.

Mwaka ule ule wa 1861 ulimletea huzuni kubwa. Katika mji wa Boluo, bara ya Uchina, alikuwako mzee mmoja, Che Jinguang, mtunzaji wa hekalu la Confucius. Mzee huyu alisoma Maandiko, akaenda Hong Kong, na Legge akambatiza mwaka 1856. Akarudi kwao akahubiri, na watu wengi wakaamini. Ndipo adui zake wakamwinukia. Legge alipopata habari alisafiri mwenyewe mpaka Boluo kumtetea mbele ya wakubwa, na mambo yakaonekana kutulia. Lakini baada ya Legge kuondoka, mzee Che alikamatwa, akateswa ili aikane imani yake, naye alipokataa akauawa. Basi mwaka mmoja ulimpa Legge furaha ya kutoa kitabu cha Confucius, na msiba wa kumpoteza rafiki aliyetoka katika hekalu la Confucius kuja kwa Kristo.

Nyumbani pia hakukosa misiba. Yeye na Mary waliwazika baadhi ya watoto wao, na mwaka 1852 Mary mwenyewe alifariki. Mwaka 1859 Legge alimwoa Hannah Mary, aliyekuwa mjane.

Lilikuwako pia shindano refu juu ya jina la Mungu. Wafasiri wa Biblia walipokutana Uchina hawakupatana juu ya neno la kutumia. Askofu William Boone wa Kanisa la Kiaskofu la Marekani, ndugu yetu katika ushirika wa Anglikana, alitaka neno Shen, ambalo hutumika pia kwa roho na miungu. Legge alitaka Shangdi, maana yake Mtawala aliye Juu, jina lililomo katika vitabu vya kale. Alisema kwamba Wachina wa zamani walimjua Mungu mmoja kwa jina hilo, ijapokuwa kwa uhafifu. Kila mmoja aliandika kitabu kumjibu mwenzake, na shauri halikwisha. Hata leo Biblia za Kichina hupigwa chapa za namna mbili, nyingine zina Shen, nyingine Shangdi. Sisi tusemao Mungu kwa Kiswahili bila wasiwasi wo wote, hatuna budi kukumbuka kwamba neno hilo lilikuwako kabla ya Biblia kufasiriwa kwetu.

Mwaka 1873 Legge aliaga Hong Kong, lakini kabla ya kurudi Ulaya alisafiri mpaka Beijing. Huko alipanda kwenye madhabahu ya Mbingu, mahali ambapo mfalme wa Uchina alitoa dhabihu kila mwaka. Legge akavua viatu vyake, na pale pale pamoja na rafiki zake wakamwimbia Mungu sifa. Kisha akaenda Qufu, kulitazama kaburi la Confucius. Wamisionari wengine walipopata habari za viatu walikasirika, wakaona amewaheshimu wapagani kupita kiasi. Mwaka 1877 wamisionari walikutana Shanghai, na maandishi aliyowapelekea juu ya Confucius na Ukristo yalisomwa hapo yeye asipokuwapo; lakini mkutano ukakataa kuyatia katika kitabu chake cha kumbukumbu.

Wakati huo alikuwa amekwisha pata kazi mpya. Mwaka 1876 Chuo Kikuu cha Oxford kilimfanya profesa wake wa kwanza wa Kichina. Miaka michache tu kabla ya hapo mtu asiye wa Kanisa la Uingereza hangaliweza kupewa kazi kama hiyo. Sheria ya mwaka 1871 ndiyo iliyoufungua mlango. Wanafunzi wake walikuwa wachache sana, lakini hakukata tamaa. Aliamka saa zile zile za usiku, akaandika. Kwa ule mfululizo wa vitabu vitakatifu vya mashariki uliosimamiwa na Max Müller, alifasiri vitabu sita, na kati yake vile vya Watao alivitoa mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 75.

Lakini tendo lake kubwa kuliko yote labda ni dogo kwa kulitazama. Katika kitabu chake cha mwaka 1861 alikuwa ameandika juu ya Confucius kwa ukali. Alikuwa amesema kwamba hakuweza kumhesabu kuwa mtu mkuu. Mwaka 1893 kitabu hicho kilipopigwa chapa upya, Legge alibadili hukumu hiyo. Aliandika kwamba kadiri alivyozidi kumchunguza, ndivyo alivyozidi kumheshimu, na kwamba mafundisho yake yana faida hata kwa Wakristo. Alikuwa na umri wa miaka 77, mwenye sifa duniani kote, na hakuna aliyemlazimisha. Wala hakuiacha imani yake. Alikufa akiwa mhubiri wa Injili kama alivyoanza. Aliona tu kwamba ukweli unamdai aseme tofauti na alivyosema zamani.

James Legge alifariki Oxford tarehe 29 Novemba 1897, akazikwa katika makaburi ya Wolvercote. Wang Tao, rafiki yake na msaidizi wake, alifariki mwaka huo huo.

Wako waliosema kwamba miaka ile yote ya kuwafasiri wapagani ilikuwa hasara kwa Injili. Mzee Che wa Boluo hangalikubali. Alikuwa amezeeka katika hekalu la Confucius, na mtu aliyembatiza alikuwa mgeni aliyekubali kujifunza yale ambayo mzee mwenyewe aliyajua tangu ujana wake. Katika mitaa yetu pia wako wazee wenye mambo mengi ambayo hakuna aliyepata kuwauliza. Tukienda kuwaambia neno, na tuwape kwanza nafasi ya kusema lao.