Julia Child na keki ya Malkia wa Sheba

Kuna keki ya Kifaransa inayoitwa Malkia wa Sheba. Wenyewe huandika Reine de Saba. Ni keki ya duara, fupi kwa kimo, nyeusi kwa chokoleti, yenye lozi zilizosagwa ndani yake, na katikati huachwa laini kama vile haijaiva sawasawa. Malkia huyo tunamfahamu sote, wa kanisani na wa madrasa: ndiye aliyesafiri na msafara wa dhahabu na manukato kwenda kumwona Mfalme Suleiman. Majirani zetu wa Ethiopia humwita Makeda. Keki yenyewe hakuionja, maana kakao ilitoka Amerika karne nyingi baada ya enzi zake. Wafaransa walimkopa jina tu.

Leo tunasimulia maisha ya mwanamke aliyeitoa keki hii katika majiko ya Ufaransa na kuifikisha katika nyumba za watu wa kawaida nchini Marekani. Jina lake ni Julia Child. Wengi wanaolijua jina hilo hudhani alizaliwa akishika mwiko. Sivyo. Hadi anatimiza miaka 30 alikuwa hajui kupika.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1912 katika mji wa Pasadena, jimbo la California. Kwao kulikuwa na uwezo, na jikoni kulikuwa na mpishi wa kuajiriwa, hivyo binti hakuwa na sababu ya kuingia humo isipokuwa kula. Alikua mrefu kupita kiasi, karibu sentimita 188. Alisoma historia katika chuo cha Smith, akahitimu mwaka 1934, akafanya kazi ya matangazo kwa duka la samani huko New York. Mwaka 1937 mama yake alifariki, naye akarudi nyumbani. Miaka ikapita bila kazi ya maana na bila mume.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomtoa nyumbani. Alitaka kujiunga na vikosi vya wanawake jeshini, lakini kwa urefu ule hawakumchukua. Akaenda OSS, shirika la ujasusi la Marekani la wakati ule. Msidhani alikuwa jasusi wa kuruka kwa parachuti. Alianza kwa kupiga chapa, kisha akawa mtunza majalada ya siri, kazi inayotaka mtu makini asiyechoka kupanga karatasi. Kwa muda alifanya kazi pia katika kitengo kilichokuwa kikitafuta dawa ya kufukuza papa baharini. Mwaka 1944 alipelekwa Kandy, katika kisiwa cha Ceylon ambacho leo ni Sri Lanka, kisha Kunming, China.

Huko Ceylon alikutana na Paul Child, mchoraji ramani na michoro ya shirika hilo hilo, aliyemzidi umri kwa miaka 10. Paul aliwahi kuishi Paris na alijua chakula kizuri. Walioana Septemba 1946. Julia akajaribu kumpikia mumewe, na moja ya vyakula vyake vya mwanzo vilikuwa ubongo wa ndama uliochemshwa katika divai nyekundu. Haukulika. Hilo alilisimulia mwenyewe bila aibu hadi uzeeni.

Novemba 1948 Paul alihamishiwa ubalozi wa Marekani mjini Paris. Walishuka melini katika bandari ya Le Havre wakaendesha gari kuelekea mjini, na njiani, katika mji wa Rouen, wakasimama kula mchana. Waliletewa chaza, kisha samaki aliyekaangwa kwa siagi. Julia alikuwa na miaka 36, na mlo ule ulimgeuza. Hakuwa amejua kwamba samaki na siagi tu, bila makorokoro, vinaweza kufika pale. Alitaka kujua vinafikaje.

Oktoba 1949 alijiandikisha katika shule ya upishi ya Le Cordon Bleu. Walimweka kwanza katika darasa la akina mama wa nyumbani, akaliona jepesi, akaomba kuhama. Akapelekwa kwa wanajeshi wastaafu wa Kimarekani waliokuwa wakisomea kufungua migahawa: yeye mwanamke peke yake kati ya wanaume. Mwalimu wao, Max Bugnard, alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Asubuhi Julia alikuwa darasani, mchana alirudi nyumbani kumpikia Paul yale yale aliyofundishwa, kisha akarudi tena shuleni.

Mtihani wa kwanza, mwaka 1951, alianguka. Alikuwa amejiandaa kwa mambo makubwa, naye akaulizwa vyakula rahisi vilivyokuwa katika kijitabu cha shule, ambavyo hakujishughulisha kuvikariri. Alikasirika sana. Akarudia, akafaulu.

Kupitia klabu ya wanawake wapenda chakula alikutana na Wafaransa wawili, Simone Beck na Louisette Bertholle. Watatu hao walianzisha darasa dogo la upishi jikoni kwa Julia. Simone na Louisette walikuwa tayari wameanza kuandika kitabu cha kuwafundisha Wamarekani upishi wa Kifaransa, lakini walihitaji Mmarekani wa kukifanya kieleweke. Mwaka 1952 Julia akaingia katika kazi hiyo. Hakujua kwamba ingemchukua karibu miaka 10.

Hapo ndipo keki yetu inapoingia. Julia alieleza baadaye kwamba Malkia wa Sheba ndiyo keki ya kwanza ya Kifaransa aliyoila, na aliyeioka alikuwa Simone. Kuila ni jambo moja. Kumwelekeza mtu aliye upande wa pili wa bahari, asiyekuwa na mama wala bibi wa kumsimamia, aioke na ikubali, ni jambo jingine kabisa. Mpishi wa Kifaransa angesema weka unga kiasi, piga mayai mpaka yatoshe. Kiasi gani? Yatoshe vipi? Julia hakukubali jibu la namna hiyo. Unga wa Marekani haukuwa sawa na wa Ufaransa, siagi na malai vilitofautiana, na vikombe vya kupimia vya Kimarekani Wafaransa hawakuvitumia. Kila pishi lilipikwa, likapimwa, likapikwa tena. Alichokipata alikipiga chapa kwa karatasi za kaboni na kumtumia Simone, naye Simone akamjibu kwa ubishi wake. Walibishana sana wawili hao, na sisi tunaona kitabu kilinufaika kwa ubishi huo.

Tuieleze basi keki yenyewe, maana tunajua mtatuuliza. Kwa vipimo vyetu, chokoleti nyeusi ya kupikia na siagi ya maziwa ni gramu 115 kila kimoja, yaani pungufu kidogo ya nusu robo ya sokoni. Sukari ni kama gramu 130, unga wa ngano gramu 60, lozi zilizosagwa gramu 40 hivi, na mayai 3. Ya kienyeji ni madogo, weka 4. Chokoleti huyeyushwa juu ya maji ya moto pamoja na vijiko viwili vikubwa vya kahawa nzito. Wafaransa wengi hutia pombe ya ramu, lakini kitabu chenyewe kinaruhusu kahawa, na keki haipungukiwi kitu.

Keki hii haina hamira wala ile poda ya kuumulia keki. Kinachoiinua ni povu la ute wa mayai peke yake, na hapa ndipo wengi huharibu. Tenga viini na ute. Bakuli la ute liwe kavu na safi, lisiwe na mafuta hata chembe, na kiini kisidondokee humo, kwani mafuta huzuia povu kusimama. Siagi na sukari husuguliwa mpaka vilainike na kuwa vyeupe, kisha vinaingia viini, chokoleti na lozi. Lozi zitwange pamoja na sukari kidogo, la sivyo zitatoa mafuta na kugandamana. Ute hupigwa mpaka ukiinua kijiko povu lisimame kama kilele. Chukua robo ya povu uilainishe nayo ile chokoleti, kisha povu lililobaki uliingize pamoja na unga kwa zamu, ukichota kutoka chini na kufunikia juu, polepole. Ukikoroga kama ugali, hewa yote inatoka na keki inabaki bapa.

Katika oveni ya nyuzi joto 180, chombo cha upana wa sentimita 20 huchukua dakika 25 hivi. Kwa jiko la mkaa, utaratibu ni ule wa mkate wa kumimina: moto mdogo chini, makaa juu ya mfuniko, na mchanga ndani ya sufuria ili chombo cha keki kisiguse moto moja kwa moja. Ukingo ukishakauka na katikati kukitikisika kidogo, ondoa. Usingoje kijiti kitoke kikavu kama tulivyozoea kwa keki nyingine. Julia alisisitiza hilo, kwa kuwa chokoleti ikikaushwa sana hupoteza ulaini wake. Kuhusu lozi, zikikosekana korosho mbichi hufaa, ingawa hapo sidhani kama Simone angekubali tuiite kwa jina lile lile.

Turudi kwa mwenyewe. Kazi ya kitabu ilimfuata kila mume wake alipohamishwa: Marseille, Ujerumani, Washington, Norway. Mwaka 1955, wakati serikali ya Marekani ilipokuwa ikiwasaka watumishi walioshukiwa kuwa na ukomunisti, Paul aliitwa ghafla Washington. Alidhani anapandishwa cheo, kumbe anahojiwa. Walimsafisha, lakini jambo lile liliwaumiza wote wawili.

Mswada wa kwanza wa kitabu, kurasa mamia na mamia, ulikataliwa na kampuni iliyokuwa imeukubali tangu mwanzo. Wakaufupisha na kuuandika upya. Mwaka 1959 ukakataliwa tena: wachapishaji waliona ni mkubwa mno, na kwamba mama wa nyumbani wa Kimarekani anataka vitu vya haraka. Julia alikuwa na miaka 47 na mikononi hakuwa na kitu cha kuonyesha ila rundo la karatasi. Aliyemwokoa ni rafiki yake Avis DeVoto, aliyeupeleka mswada kwa kampuni ya Knopf. Huko mhariri kijana, Judith Jones, aliubeba nyumbani akapika kutoka humo, akaona maelekezo yanakubali. Kitabu kilitoka Oktoba 1961, kikiwa na kurasa zaidi ya 700, na keki ya Malkia wa Sheba ikiwa karibu na mwisho.

Mwaka uliofuata alialikwa katika kipindi cha vitabu cha televisheni ya WGBH ya Boston. Badala ya kukaa tu na kuongea, alikuja na jiko dogo la umeme, akakaanga mayai mbele ya kamera. Watazamaji wakaandika barua wakimtaka arudi. Tarehe 11 Februari 1963 kipindi chake cha The French Chef kilianza kurushwa. Alikuwa na miaka 50, sauti nyembamba ya kupanda na kushuka, na mikono isiyotulia. Keki yetu nayo ilipata kipindi chake.

Watu husimulia kwamba aliwahi kuangusha kuku sakafuni akamwokota na kumwandaa mezani. Hakuna kuku. Ilikuwa chapati ya viazi, aliyoirusha ili kuigeuza, ikamwagikia juu ya jiko. Aliirudisha kikaangoni vipande kwa vipande, akiwaambia watazamaji kwamba mtu akiwa peke yake jikoni hakuna wa kumwona. Sisi wa redio tunajua thamani ya mtangazaji anayekosea hewani na kuendelea na kazi.

Tuzo zilifuata, vitabu vikafuata, kikiwemo juzuu la pili mwaka 1970 alichoandika na Simone. Hawakujaliwa watoto. Simone alifariki mwaka 1991, Paul mwaka 1994 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Julia aliendelea kufanya kazi. Mwaka 2001 alipohama Massachusetts kurudi California, jiko lake lote lilifunguliwa na kupelekwa katika jumba la makumbusho la taifa mjini Washington. Alifariki tarehe 13 Agosti 2004, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 92.

Jiko hilo lipo hadi leo. Meza zake ni ndefu kuliko kawaida kwa sababu Paul alizipandisha zilingane na kimo cha mkewe. Ukutani kuna mbao zenye vitundu na sufuria zimetundikwa, na kila sufuria imechorewa umbo lake pale pale inapokaa. Michoro hiyo aliichora Paul, ili kila chombo kijulikane kinaporudi.