MJANE ALIYEIFANYA SHAMPENI IWE SHAMPENI: Kabla hujafungua chupa sikukuu hii, msome huyu mama



Sikukuu ndiyo hizo zinapiga hodi, na huku kwetu Soga watu wameshaanza kuulizana mezani patakuwa na nini. Sikukuu iliyopita nilishuhudia kituko. Mshkaji wangu mmoja alikuja na chupa ya mapovu, akaitikisa kama dawa ya kikohozi, kizibo kikaruka kikavunja taa, na pilau lote likaoga. Tulicheka sana, lakini mimi nikabaki na swali: hivi hiki kitu kilianzaje? Nikaingia kafe, nikalipia nusu saa, nikatoka baada ya masaa matatu. Ndipo nikakutana na huyu mama.

Anaitwa Barbe-Nicole Ponsardin. Jina geni? Basi ile chupa ya lebo ya njano unaijua: Veuve Clicquot. Veuve kwa Kifaransa maana yake mjane. Yaani watu wanapiga nayo picha klabuni bila kujua kwamba wameshika jina la msiba wa mtu.

Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1777 katika mji wa Reims, mkoa wa Champagne, Ufaransa. Baba yake alikuwa tajiri wa biashara ya vitambaa. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalimkuta ana miaka 11, na baba mtu akaokoka kwa ujanja wa kuhamia upande wa wanamapinduzi. Mwaka 1798 binti akaolewa na François Clicquot. Inasimuliwa kwamba ndoa ilifungwa kwenye ghala la chini ya ardhi, kwa sababu ibada za kanisani zilikuwa zimebanwa wakati ule.

Huyo François alikuwa mtoto wa Philippe Clicquot, mzee aliyeanzisha biashara yake 1772: vitambaa kwanza, mvinyo pembeni. Kijana ndiye aliyetaka mvinyo uwe kazi kubwa. Lakini Oktoba 1805 homa ikamchukua. Mke akabaki na miaka 27 na binti wa miaka 6, Clémentine.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza vizuri. Mzee Philippe, kwa uchungu wa kufiwa na mwanawe, alitaka kufunga biashara yote. Ufaransa ya Napoleon ilikuwa na sheria ya 1804 iliyomfanya mke awe chini ya mume karibu kwa kila kitu cha fedha. Mke mwenye mume hakuweza kuendesha biashara bila ruhusa yake. Ila mjane aliweza! Barbe-Nicole akamwendea baba mkwe, akamwomba amwachie biashara, na yeye angeweka humo urithi wake. Mzee akakubali, kwa sharti moja: kwanza ajifunze kazi kwa mfanyabiashara wa mvinyo, Alexandre Fourneaux.

Akajifunza miaka minne. Mwaka 1810 ubia ukaisha, mwenzake akaondoka, mama akabaki peke yake na jina jipya la kampuni lenye neno mjane ndani yake. Na hali ilikuwa mbaya jamani. Vita vya Napoleon vilikuwa vimefunga bahari, wateja wa nje hawafikiki, chupa zimelala ghalani.

Mwaka 1814 akacheza kamari ya maisha yake. Vita ilikuwa inakwisha, na alijua Warusi wana kiu ya shampeni na wenzake wote wanasubiri njia ifunguke rasmi. Yeye hakusubiri. Kwa siri akakodi meli ya Kiholanzi, akapakia chupa zaidi ya 10,000 na wakala wake Louis Bohne, akaipeleka Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad, Urusi. Meli ikikamatwa au chupa zikipasuka njiani, kwisha habari. Meli ikafika salama! Ndani yake kulikuwa na mvinyo wa mavuno ya 1811, mwaka uliosifika kwa zabibu nzuri. Watu waligombania. Washindani walipozinduka, Urusi tayari ilikuwa inamtaja yeye.

Tatizo la pili lilikuwa uchafu. Mapovu ya shampeni yanatokana na hamira inayokula sukari ndani ya chupa iliyofungwa. Gesi inabaki humo humo, ndiyo maana mgandamizo wake ni karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo (mshkaji wangu umesikia hapo?). Lakini hamira ikifa inaacha mashapo, mvinyo unakuwa na ukungu. Zamani walihamisha mvinyo chupa hadi chupa, mapovu yakapotea. Karibu 1816 mama na wafanyakazi wake wakatoboa meza mashimo, wakasimamisha chupa kichwa chini, wakawa wanazizungusha kidogo kidogo kila siku mpaka mashapo yote yakakaa shingoni. Unafungua, uchafu unaruka, unaziba tena. Kwisha! Njia hiyo inatumika hadi leo, ingawa mara nyingi mashine ndiyo inayozungusha.

Hakuolewa tena. Mwaka 1841 alistaafu, akamwachia kazi mbia wake Édouard Werlé, na akafariki tarehe 29 Julai 1866 huko Boursault akiwa na miaka 88. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta chupa 168 za shampeni kwenye meli iliyozama bahari ya Baltiki, na 47 zilikuwa za huyu mama. Wataalamu walipopima mvinyo wa meli ile walikuta sukari zaidi ya gramu 140 kwa lita, tamu kuliko soda! Ndivyo walivyopenda enzi zile.

Haya, turudi mezani kwetu. Shampeni halisi inatoka Champagne tu, na bei yake si mchezo. Usiumie. Tafuta chupa ya Afrika Kusini iliyoandikwa Cap Classique. Mapovu yake yanatengenezwa ndani ya chupa kwa njia ile ile. Ikiandikwa Brut ni kavu, Demi-Sec ina utamu. Mapovu yanakwenda vizuri na vitu vya chumvi na mafuta: sambusa, samaki wa kukaanga, hata chipsi.

Kwa mvinyo usio na mapovu, wala usihangaike mbali. Reli inayopita hapa Soga ndiyo inayokwenda Dodoma, na tangu 2024 treni ya SGR inafika huko. Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka! Mweupe wa Chenin Blanc weka na kuku au samaki wa nazi. Mwekundu wa zabibu za Makutupora weka na mbuzi wa kuchoma.

Chupa ipoe friji masaa matatu, au nusu saa kwenye ndoo ya maji na barafu. USIITIKISE. Shika kizibo, zungusha chupa taratibu, usielekeze usoni kwa mtu. Chupa iliyokaa juani dirishani dukani iache hapo hapo. Chini ya miaka 18 sheria haikuruhusu, na asiyetumia kwa imani yake awekewe juisi ya ukwaju bila maneno. Meza ni ya wote.

La mwisho, ndilo lililonifanya niandike. Yule mzee Philippe angeweza kumfukuza mkwewe, lakini alimfundisha kazi. Kwetu bado kuna wajane wanaotolewa vyombo nje kabla arobaini haijaisha. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliona Tanzania ina makosa katika kesi ya wajane wawili wa Shinyanga walionyimwa urithi kwa sheria za kimila za 1963. Je, ni akina Clicquot wangapi tumewafukuza kwenye mashamba na maduka ya waume zao?

Mkigonganisha glasi sikukuu hii, mkumbukeni mjane wa mtaani kwenu, na sahani ya pilau impelekeeni pia.

Naomba kutoa hoja. Mnasemaje wadau?