Bibi Bertha Benz na Waya Uliochubuka

Muhula huu basi la shule yetu lilikataa kuwaka siku mbili kabla ya ziara ya Kidato cha Nne. Starta iliizungusha injini vizuri, lakini moto haukushika. Fundi wa kwanza alileta mashine ya kusomea hitilafu, akaichomeka, akatazama, kisha akatoa hukumu kwamba kompyuta ya injini imekufa na lazima inunuliwe nyingine. Bei aliyoitaja ilizidi fedha zote walizochanga wazazi wetu kwa ajili ya ziara.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, hakuigusa kompyuta. Alipima betri kwanza, kisha fyuzi, kisha akaufuata kwa vidole waya utokao kwenye kihisio kinachoiarifu kompyuta kwamba injini inazunguka. Nyuma ya injini akaukuta umechubuka kwa kusuguana na chuma, shaba iko wazi. Kompyuta ilikuwa nzima. Ilikuwa haipati habari tu. Alipokuwa akiuzungushia utepe mweusi, Mwalimu wetu wa Fizikia alitwambia kwamba kazi kama ile ilikwisha fanywa zamani na mama mmoja wa Kijerumani, kwa mkanda wa soksi zake. Sisi wasichana tulicheka sana. Lakini jioni nilikwenda maktaba kutafuta habari za maisha yake, nazo ndizo hizi.

Bertha Ringer alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim. Husimuliwa kwamba alipokuwa mtoto aliifunua Biblia ya nyumbani, akakuta baba yake ameandika kwa masikitiko kwamba kwa bahati mbaya amezaliwa msichana tena. Sijui alilia au hakulia. Mimi ningelia.

Alipokua alichumbiwa na Karl Benz, kijana mwenye akili nyingi za mitambo na mfuko mtupu. Kwa desturi ya kwao ni baba ndiye ampaye binti mali ya kuanzia nyumba, si mchumba aletaye mahari kama kwetu. Bertha aliomba apewe sehemu ya mali hiyo mapema, akaitia katika karakana ya mchumba wake mjini Mannheim, ambayo ilikuwa karibu kumponyoka. Wakaoana mwaka 1872. Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida na madeni, lakini usiku wa kuamkia mwaka 1880, baada ya kula, waliingia karakanani pamoja, na injini iliyokuwa imewasumbua siku nyingi ikaanza kunguruma. Tarehe 29 Januari 1886 Karl aliomba hataza ya motokaa yake ya magurudumu matatu.

Motokaa ilikuwapo, ila wanunuzi hawakuwapo. Watu waliiogopa, na Karl mwenyewe alikuwa mtu wa kusitasita, akiirekebisha kila siku bila kuipeleka mbali. Bertha aliona kwamba chombo kisichosafiri hakiwezi kujulikana kasoro zake wala sifa zake. Basi mwezi wa Agosti 1888, shule zikiwa zimefungwa, aliondoka alfajiri pamoja na wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13. Alimwachia mumewe habari kwamba wanakwenda Pforzheim kwa bibi yao, bila kutaja chombo cha safari. Njia ilikuwa kilomita zaidi ya 100, nayo ilifanywa kwa ajili ya farasi na mikokoteni.

Injini ile haikuwa na kompyuta, lakini ilihitaji mambo mawili ambayo basi letu nalo linayahitaji: mafuta yafike, na cheche iruke kwa wakati wake. Mafuta yalipopungua, Bertha alinunua ligroini, dawa ya kuondolea madoa, katika duka la dawa mjini Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ndefu ya kofia yake. Waya wa cheche ulipochubuka na umeme ukawa unapotea, aliukinga kwa mkanda wa soksi. Hapa ndipo ninapomstahi zaidi. Injini inapozima haisemi imekosa nini. Mafuta yakikosekana huzima, na cheche ikikosekana huzima vilevile. Yeye alitafuta mpaka akajua ni lipi, wala hakuihukumu injini nzima kuwa mbovu.

Mnyororo ulipolegea, mhunzi wa Bruchsal aliutengeneza. Vipande vya mti vya breki vilipolika kwenye miteremko, fundi viatu katika kijiji cha Bauschlott alivipigilia ngozi. Maji ya kupozea injini walitafuta njiani mara kwa mara, na penye vilima vikali walisukuma. Jioni wakafika, naye akampelekea mumewe simu ya maandishi kwamba wamefika salama.

Siku chache baadaye walirudi Mannheim kwa njia nyingine. Bertha alimweleza mumewe yote yaliyowapata, akamtaka aongeze gia moja ya kupandia vilima, naye akaiongeza. Mwaka uleule Karl alipata nishani ya dhahabu katika maonyesho ya Munich, na kufika mwisho wa karne ile kampuni yake ilikuwa ikitengeneza motokaa nyingi kuliko nyingine yoyote duniani. Karl alifariki mwaka 1929. Bertha alifariki mjini Ladenburg tarehe 5 Mei 1944, siku mbili baada ya kutimiza miaka 95.

Tulikwenda ziara yetu, tukarudi. Yule mzee fundi aliniruhusu nimshikie taa alipokuja kuukagua tena ule waya, akaniambia kwamba nikipata ruhusa nyumbani naweza kwenda kujifunza kwake wakati wa likizo. Nimemwandikia Baba. Mpaka gazeti hili linapokwenda kupigwa chapa, bado sijapata jibu.